Jibu: Kompyuta sita zinatosha kufundishia programu za simu?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama kompyuta sita zinatosha kidato cha pili kutengeneza programu za simu. Zinatosha, ila wiki za mwanzo usiziwashe. Wape karatasi wachore kila skrini: kitufe kipi kinampeleka mtumiaji wapi. Watabishana sana, na hapo ndipo wanapojifunza. Kosa linafutwa kwa raba tu.

Kisha ingieni MIT App Inventor, tovuti ya kutengenezea programu za simu. Ni bure, wanaunganisha vipande badala ya kuandika msimbo, na wanajaribu kazi papo hapo kwenye simu ya Android. Andaa bando.

Tatizo la kutatua walichague wenyewe. Wasichana watano wa Kisumu waliobuni programu ya simu ya i-Cut mwaka 2017 walichagua ukeketaji, jambo ambalo walimu wengi tungelikwepa.