Njia za mkato za kibodi: mkono usitoke kwenye vitufe

Muda mwingi unaopotea kwenye kivinjari hupotelea katika safari moja fupi. Mkono unatoka kwenye kibodi, unashika kipanya, jicho linatafuta kishale kiko pembe ipi ya skrini, unabofya, kisha unarudi kuandika. Fomu moja ya huduma za serikali hukudai safari hiyo makumi ya mara. Kwa mhudumu wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Kondele jijini Kisumu au Nakuru mjini mwezi wa Juni, watu wakiwa wamepanga foleni kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya tarehe 30, hapo ndipo foleni inaporefukia.

Njia za mkato, yaani vitufe unavyobonyeza badala ya kutumia kipanya, ni nyingi mno, na nyingi kati yake hutawahi kuzihitaji. Hapa tumechagua zinazolipa, pamoja na mahali zinapokwamisha watu. Tunazungumzia Chrome, Edge na Firefox kwenye Windows. Mwenye Mac atumie Command mahali pa Ctrl, na sehemu kubwa ya haya itamfaa.

Tuanze na fomu, kwa sababu huko ndiko faida iliko. Kitufe cha Tab hukupeleka kwenye nafasi inayofuata ya kujaza. Shift+Tab hukurudisha nyuma. Ukifika kwenye kisanduku cha kuweka tiki, bonyeza Space. Usibonyeze Enter, maana kwenye fomu nyingi Enter huituma fomu papo hapo, na ikitumwa nusu utarudishiwa ukurasa uliojaa maandishi mekundu. Kwenye viduara vya kuchagua jibu moja, Tab hukuingiza mara moja tu kwenye kundi zima. Kuchagua ni kwa vitufe vya mishale. Wengi hubonyeza Tab wakitarajia kufika jibu la pili, wakajikuta wameliruka swali lote.

Orodha ya kaunti ndiyo inayowachosha watu zaidi. Kaunti ni 47, na kumi kati yake zinaanza na K, kuanzia Kajiado hadi Kwale. Ukibonyeza K mara moja moja, Kisumu ni ya nane. Badala yake, ukiwa juu ya orodha hiyo andika kisu kwa mfululizo, bila kutua. Ukiishia kis utaangukia Kisii, kwa kuwa inatangulia. Ukitua katikati kwa takriban sekunde moja, kivinjari huchukua herufi inayofuata kama mwanzo mpya: umeandika ki, umetua, umeandika su, na orodha inakuonyesha Samburu. Nakuru ni rahisi zaidi, nak inatosha. Kuna fomu zinazotanguliza nambari ya kaunti mbele ya jina, na hapo kuandika jina hakusaidii kitu. Andika nambari yenyewe. Nakuru ni 032, Kakamega 037, Bungoma 039, Busia 040, Kisumu 042. Wahudumu wa saiba wa kaunti hizi wazikariri, zitawafaa.

Ukishachagua kaunti, bonyeza Tab kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Watu huchagua Kisumu kisha wanabonyeza mshale wa chini ili waone sehemu ya chini ya ukurasa. Kivinjari bado kimo ndani ya orodha, kwa hiyo mshale ule unaisogeza kutoka Kisumu hadi Kitui kimyakimya. Mwombaji anatoka saiba akiamini kila kitu kiko sawa, na kosa linajitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati ambapo kulirekebisha ni kazi nyingine kabisa. Hili ni jambo la kuangaliwa kila fomu, bila kuchoka.

Orodha nyingine zimeundwa na wenye tovuti kwa namna yao na hazitii herufi moja kwa moja. Zifungue kwa Alt na mshale wa chini, au Enter. Kikitokea kisanduku cha kutafutia, andika herufi tatu nne, kisha Enter.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kwenye nafasi za tarehe unaandika tarakimu tu na kivinjari kinasonga chenyewe kutoka siku hadi mwezi hadi mwaka. Lakini mpangilio hufuata lugha ya mashine. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, hivyo mtu aliyezaliwa tarehe 5 Desemba anaingia kwenye rekodi kama wa tarehe 12 Mei. Kabla ya kuandika chochote soma zile herufi hafifu ndani ya nafasi: dd ikitangulia, anza na siku, mm ikitangulia, anza na mwezi. Dawa ya kudumu ni kubadilisha lugha ya kivinjari au ya Windows iwe Kiingereza cha Uingereza.

Sasa vichupo (tabs), kurasa zilizofunguliwa pamoja kwenye dirisha moja. Ctrl+T hufungua kipya, Ctrl+W hufunga ulichomo, Ctrl+Tab hukupeleka kwa kinachofuata. Ctrl na nambari 1 hadi 8 hukupeleka kwenye kichupo cha nafasi hiyo, ila Ctrl+9 huenda kwenye cha mwisho hata kama vimefunguliwa ishirini. Ukiwa navyo vingi hadi majina hayaonekani, kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+A uandike sehemu ya jina. Kwenye Firefox nenda sehemu ya anwani, andika alama ya asilimia na nafasi, kisha jina.

Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, Ctrl+Shift+T hukirudisha, na ukiendelea kubonyeza, vya kabla yake navyo hurudi kimoja kimoja. Ukurasa hurudi, ila ulichokuwa umekiandika kwenye fomu huenda kisirudi. Majibu marefu, kama barua ya kuomba kazi, yaandike kwanza pembeni kwenye Notepad ndipo uyanakili. Ukiyabandika kwa Ctrl+Shift+V yanaingia bila rangi wala ukubwa wa herufi wa kule yalikotoka.

Kwa sehemu ya anwani, Ctrl+L ndiyo ya kukariri kabla ya nyingine zote. Hukupeleka juu na kuchagua anwani nzima, tayari kufutwa au kunakiliwa: Ctrl+L, Ctrl+C, na kiungo kiko tayari kutumwa WhatsApp. Ukimaliza kuandika anwani na unataka ifunguke kwenye kichupo kipya, tumia Alt+Enter.

Kuna Ctrl+Enter, ambayo husifiwa sana kwa kuwa huongeza www. mbele na .com nyuma ya neno uliloandika. Kwa kazi zetu tunashauri uiache. Tovuti za serikali ya Kenya huishia .go.ke, na ukiandika ecitizen, jina la tovuti ya huduma za serikali, kisha Ctrl+Enter unapelekwa kwenye anwani ya .com, ambako hujui utamkuta nani akikungoja na ukurasa wa kuingiza nywila. Andika anwani kamili mara ya kwanza, ihakiki, halafu iweke kwenye alamisho (bookmarks) kwa Ctrl+D. Firefox inaruhusu kuipa kila alamisho neno fupi la kuiita: fungua maktaba kwa Ctrl+Shift+O, chagua alamisho, jaza sehemu iliyoandikwa Keyword. Ukiipa iTax, tovuti ya KRA ya ritani, neno rit, siku nyingine unaandika rit na Enter, basi.

Ctrl+F watu wengi wanaijua, lakini wanaiamini kupita kiasi. Orodha za walioitwa kwenye mahojiano hutolewa kama PDF, na mtu huandika jina lake, akaona sufuri, akafunga akiwa amekata tamaa. Kabla ya kukata tamaa, jaribu kuchagua neno moja kwenye ukurasa kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, hiyo ni picha ya karatasi iliyoskaniwa, na Ctrl+F haioni herufi zozote humo. Isome kwa macho. Ikiwa ni maandishi halisi, tafuta kwa nambari ya kitambulisho au kwa jina moja tu, kwa sababu majina mawili huenda yamepangwa kinyume au yana nafasi mbili katikati. Enter hukupeleka kwenye tokeo linalofuata, Shift+Enter hukurudisha kwa lililotangulia.

Anayetumia bando la simu kama mtandao wa laptopu azingatie tofauti hii: F5 hupakia ukurasa upya lakini hutumia tena baadhi ya vitu vilivyokwisha kuhifadhiwa, huku Ctrl+Shift+R ikipuuza vilivyohifadhiwa na kupakua picha na kila kitu kuanzia mwanzo. Itumie pale tu ukurasa unapoonekana umevurugika. Kurudi ulikotoka, tumia Alt na mshale wa kushoto. Mara nyingi ukurasa hutoka kwenye kumbukumbu bila gharama. Ukurasa ukikawia kwa ajili ya matangazo na maandishi unayoyataka yameshafika, Esc huukatiza. Na ukibonyeza F5 baada ya kutuma malipo kivinjari kikakuuliza kama utume tena fomu, kataa. Ukikubali huenda ukalipa mara mbili.

Vidogo vidogo: Space hushusha ukurasa kwa skrini nzima na Shift+Space huupandisha, mradi usiwe ndani ya nafasi ya kuandika. Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza maandishi, Ctrl+0 huyarudisha kawaida. Ctrl+P huchapisha, na ukichagua kuhifadhi kama PDF badala ya printa, risiti ya mteja inabaki hata stima zikipotea kabla ya kuchapisha.

Njia ya mkato isipofanya kazi, mara nyingi tatizo ni kibodi yenyewe. Kwenye laptopu nyingi F5 imepewa kazi nyingine kama mwanga au sauti. Bonyeza Fn pamoja nayo, au tumia Ctrl+R. Laptopu zinazouzwa kama ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, huja na kibodi ya huko, ambapo alama ya @ imebadilishana nafasi na alama za kunukuu. Windows ikiwa imewekwa mpangilio wa Marekani, unabonyeza @ na kinachotokea ni kingine, na barua pepe ya mteja inakataliwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Space kubadilisha mpangilio, kama yote miwili imewekwa. Ukiona kila herufi unayoandika inafungua kitu, T inaleta kichupo na P inaleta printa, kitufe cha Ctrl kimenasa. Bonyeza na uachie Ctrl zote mbili, kushoto na kulia, mara kadhaa. Isipopona, kuna uchafu au chai chini yake. Na likitokea dirisha la kuuliza kuhusu Sticky Keys, ni kwamba umegonga Shift mara tano mfululizo, chagua No.

Kwenye mashine inayotumiwa na wengi, kumbuka kwamba Ctrl+Shift+T inamfanyia kazi pia anayekaa baada yako. Akiibonyeza anaweza kufungua ukurasa wako, na kama hukutoka kwenye akaunti, akajikuta ndani. Anza kazi kwenye dirisha fiche, lile lisiloweka historia ya kurasa ulizofungua, Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox, na ukimaliza funga madirisha fiche yote. Kama ulisahau kuanza hivyo, toka kwenye akaunti kwanza, halafu Ctrl+Shift+Delete ili ufute historia. Hapo angalia kipimo cha muda, maana huenda kimewekwa kufuta saa moja tu iliyopita au pungufu, nawe umeketi saa tatu.

Hata dirisha fiche halifuti mafaili uliyopakua. Ctrl+J hukuonyesha orodha yake, lakini kuifuta orodha hiyo hakuondoi mafaili yenyewe kwenye diski. Fungua folda ya Downloads, chagua nakala ya kitambulisho, cheti cha KRA na chochote kilicho chako, kisha bonyeza Shift+Delete ili visipitie kwenye pipa la taka, ambako yeyote angeweza kuvirudisha. Fanya vivyo hivyo kwa picha ulizohamisha kutoka kwenye simu. Hizo mara nyingi hubaki kwenye Desktop.