Jeki ya mbele ya trela: ya mkono au ya umeme?

Kaka, umeuliza kama jeki ya pauni 2,000 itatosha trela lako la kulala la pauni 6,000. Kwa hesabu inatosha: uzito unaolalia pale mbele kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya trela lililopakiwa, yaani pauni 600 hadi 900. Ila umesema unatumia vile vyuma vya kugawa uzito kati ya gari na trela. Ukivifunga, jeki hainyanyui trela tu, inanyanyua na nyuma ya gari. Hapo ndogo italia. Mimi ningechukua ya umeme ya pauni 3,500. Mgongo wako utashukuru.

Kabla hujalipa, pima tundu la kwenye fremu ya trela, pale jeki inapoingia. Jeki nyingi zinataka inchi 2¼ na boliti tatu. Hakikisha pia ina hendeli ya kuzungusha kwa mkono, maana betri haichagui pa kufia.

Halafu kwangua rangi chini ya boliti, jeki nyingi za umeme hupata negativu (upande hasi wa umeme wa betri) kupitia hapo, chuma kwa chuma. Yangu iligoma wiki nzima, nikalaumu mota, kumbe rangi tu!