Wakosoaji wanaisifia, wachezaji wanaiponda, umwamini nani?

Mkuu, umeuliza inakuaje gemu moja wakosoaji waipe 90 na kitu kwa 100 afu wachezaji waiponde, na ununue au uache. Hawa watu hawapimi kitu kimoja. Mkosoaji mara nyingi anapewa gemu bure kabla haijatoka, ana siku chache aimalize na aandike, kwa hiyo anaangalia hadithi, ubunifu, kuna jipya au ni yale yale. We umetoa hela yako, utaicheza miezi, unataka isigande, seva zisidondoke na usikamuliwe kila ukifungua menyu. Cyberpunk 2077 ilivyotoka Desemba 2020 wakosoaji walikuwa wamepewa ya PC, wakasifia, wenye PS4 (mashine ya gemu ya Sony) wakakuta majanga mpaka Sony wakaiondoa dukani kwao karibu miezi 6. Hapo wachezaji walikuwa sahihi kabisa.

Ila nao usiwabebe wazimawazima, The Last of Us Part II watu walimwaga sifuri siku ileile imetoka, gemu ya masaa 20 na ushee umeimaliza saa ngapi?? Mwaka huohuo 2020 Metacritic, tovuti inayokusanya maksi za wakosoaji na wachezaji, wakaweka usubiri masaa 36 ndo uruhusiwe kuandika.

Mi maksi siangaliagi, nasoma malalamiko. Wakilia inakwama kwenye mashine kama yangu naacha, wakilia mhusika flani hawampendi, hiyo hainihusu. Na kama unanunua Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC, ukiwa umecheza chini ya masaa 2 na hujapitisha siku 14 tangu ununue unaomba hela yako inarudi, we jaribu tu mwenyewe.