Oili ya gia boksi kwenye gari yenye kilometa nyingi: nimwage au niiache?

Mwaka jana nilinunua Toyota Allion ya 2004, ya otomatiki, mkononi mwa mtu hapa Dar, injini 1.8, bodi safi, mita inasoma 171,000. Siku ya tatu nikagundua asubuhi nikiitoa P (ya kuegesha) kwenda D (ya kwenda mbele) inakaa kwanza, kama sekunde moja na nusu hivi, ndo inashika, na inashika kwa kishindo kama mtu kakugonga bampa ya nyuma. Ikishapata moto inakuwa sawa kabisa. Nikaenda kwa fundi wangu wa injini, akachomoa stiki ya gia boksi, ile ya kupimia oili, akanusa akanambia kaka hii oili usiiguse, ukimwaga tu gia boksi inakufa. Jioni nikapita kwa mwingine Ilala, yeye akasema imwagwe leo leo na ipigwe flashi ya mashine, yaani mashine isukume oili yote ya zamani itoke kwa presha. Wote wawili wana miaka mingi kazini, gari ni hiyo hiyo moja, na hela ya gia boksi nyingine sikuwa nayo.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa. Gari yangu ya kwanza ilikuwa Raum, ilianza kuteleza gia ya tatu, nikaipeleka gereji moja wakaipiga flashi ya mashine, nikalipa nikatoka nimefurahi, wiki mbili mbele nikiwa kwenye kilima cha Kimara gari inavuma tu, mshale wa rpm (mizunguko ya injini) unapanda spidi haipandi. Ikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Kila niliyemsimulia alisema unaona, oili mpya imeiua, na mimi nikaamini hivyo mpaka siku fundi wa gia boksi alipolifungua mbele yangu.

Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna sahani nyembamba za klachi, zimepakwa kitu kama karatasi ngumu, na zinabanwa kwa presha ya hiyo hiyo oili. Kwa hiyo oili humo ndani inalainisha, inapoza, inasukuma, na pia ndo inaamua klachi zishikane kwa ulaini gani. Za ile Raum zilikuwa nyeusi tii, karatasi imeisha kabisa sehemu zingine mpaka chuma kinang'aa. Fundi akanambia mdogo wangu, hii haiwezi kuwa kazi ya wiki mbili, hii imeungua muda mrefu, na ile mashine imesukuma uchafu uliokuwa umetulia kwenye sampu (bakuli la chini la gia boksi) ukaingia kwenye vinjia vidogo vya valvu.

Ndo nikaelewa ule usemi wa mtaani umetoka wapi, na ninaomba mniskilize vizuri hapa maana ndo kiini cha yote. Wengi wetu hatugusi oili ya gia boksi mpaka gari ianze kusumbua. Ikianza kuteleza ndo tunakumbuka kumwaga, sasa gia boksi ilishakwisha, unamwaga, inakufa wiki ile ile, lawama inaenda kwa oili. Kuna ukweli kidogo pia kwamba ile oili chafu yenye unga wa klachi inaweza kuwa inasaidia sahani zilizoisha zishikane, ukiweka safi msaada huo unaondoka. Lakini gia boksi inayoishi kwa msaada wa uchafu wake haikuwa na safari ndefu kwa vyovyote.

Kwa hiyo kwenye Allion niliacha kuuliza nimwage au nisimwage, nikauliza gia boksi yangu iko hali gani leo.

Kilometa sikuzipa uzito sana. Gari za mkononi mita zinarudishwa, wote tunajua, 171,000 inaweza kuwa 171,000 au inaweza kuwa 260,000. Niliangalia raba ya pedeli ya breki na usukani ulivyosagika. Nikaangalia pia pembeni ya mlango wa dereva na kwenye bonneti, gari nyingi za Japani zinakuja na stika ndogo za sevisi zenye tarehe na kilometa, hata kama husomi Kijapani namba utazisoma. Yangu ilikuwa na ya oili ya injini tu. Aliyeniuzia nilimpigia, akasema ukweli kwamba tangu aitoe bandarini hajawahi kuigusa gia boksi.

Kupima kwenyewe, nililifanya mara tatu siku tofauti. Toyota hizi zenye stiki unapima gari ikiwa imepata moto, umetembea kama dakika ishirini, sehemu tambarare, injini inaunguruma, umekanyaga breki umepitisha gia zote taratibu kisha ukarudi P. Stiki ina alama za baridi na za moto, soma za moto. Halafu dondosha tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu ni nzuri. Kahawia kama chai ya rangi imezeeka. Nyeusi yenye harufu kama nyama iliyoungulia chini ya sufuria, hiyo klachi zimeungua. Ikiwa ya pinki kama maziwa ya strobere, kulanti (maji ya kupozea injini) imeingia, maana oili ya gia boksi inapitia ndani ya rejeta kupozwa na pale katikati pameoza, na hapo usiendeshe hata kwenda dukani (hii ndo sababu nawapigia kelele wanaojaza maji ya bomba kwenye rejeta, kutu inaanzia humo).

Ya kwangu ilikuwa kahawia iliyokolea, inanuka uzee lakini haijaungua, tishu haina vumbi la kung'aa. Nikaipandisha kilima kile kile cha Kimara na watu wanne ndani, haikuteleza hata mara moja. Ile kuchelewa ilikuwa ya baridi tu. Nikaamua namwaga, ila bila mashine.

Hapa kuna hesabu inayofaa kuijua. Ukifungua nati ya chini haitoki oili yote, kwenye gari kama yangu inatoka karibu lita tatu kati ya sita na ushee, nyingine inabaki kwenye toki konveta (kiungo cha injini na gia boksi) na kwenye njia. Watu wanaona hiyo ni kasoro, mimi naona ni bahati kwa gari iliyokaa miaka bila kubadilishwa, kwa sababu gia boksi inapokea oili mpya nusu nusu. Ukirudia mara tatu, ya zamani inayobaki ni chini ya sehemu moja ya tano. Mara ya kwanza tulishusha na sampu tukabadilisha filta na gasketi. Kwenye sampu kuna sumaku, zilikuwa zimeshika tope laini la kijivu, hilo ni la kawaida. Zingekuwa na vipande au visindano vya chuma ningemwambia fundi arudishe kama ilivyokuwa nianze kutafuta hela. Tulipima kilichotoka kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, tukarudisha kiasi kile kile, kisha tukapima na stiki ikiwa ya moto. Na fundi anayekaza nati za sampu kwa nguvu zote mzuie, ni ndogo, zinakatika, halafu unaanza kuvujisha.

Mara ya pili nikafanya baada ya wiki mbili, ya tatu baada ya mwezi.

Oili gani? Stiki yangu imeandikwa T-IV, aina ya oili ya gia boksi ya Toyota, nikanunua T-IV iliyofungwa kwenye kopo lake. Naomba sana msikubali ile oili nyekundu ya gia boksi, mtaani tunaiita haidroliki, ya kupimiwa kutoka kwenye dumu, muuzaji anasema zote ni moja. Si moja. Toyota zilizofuata zinatumia aina nyingine, WS, na ukija kwenye CVT, gia boksi za otomatiki zisizo na gia za kupanda moja moja, ni dunia nyingine kabisa, kule hakuna sahani za kubadilisha gia, kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, unahitaji oili yake maalum, Nissan nyingi utakuta NS-2 au NS-3. Dada mmoja jirani yangu ana X-Trail, aliwekewa haidroliki ya kawaida mahali fulani, haikumaliza muda ikaanza kulia na kutetemeka, akaja kunilalamikia kwamba ushauri wa kumwaga oili ni mbaya. Dada yangu yule aliumia kweli na sikuwa na la kumfariji, mkanda ulishachubuka.

Kuna pia wanaosema kampuni yenyewe imeandika oili ni ya maisha. Maisha ya nani? ZF ya Ujerumani, ambao ndo wanatengeneza gia boksi za BMW nyingi, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000 au miaka nane. Na hao hawajakaa foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni na joto la Februari.

Matokeo kwangu, nisiwadanganye, haikuwa muujiza. Kishindo kiliisha baada ya mara ya pili. Kuchelewa asubuhi kumepungua sana lakini siku za baridi bado nakasikia kidogo, labda raba za ndani zimekauka na hizo oili haiziponyi. Desemba niliipeleka Iringa, mlima Kitonga nikapanda nyuma ya malori mwendo wa kutambaa, nimeiweka L (gia ya chini), haikuteleza.

Kama yako inateleza ikiwa ya moto, au inanuka kuungua, au rivasi haishiki mpaka uikanyagie mafuta, basi usitumie hela yako kwenye oili. Itunze, tafuta gia boksi ya mtumba yenye namba ya aina (code) inayolingana na ya gari yako, dai angalau siku kadhaa za majaribio kwa maandishi, na kabla haijapandishwa iwekwe filta na oili mpya ikiwa bado iko chini, kazi yake ni rahisi mno wakati huo.

Allion sasa iko 184,000. Nimeandika kwenye plasta tarehe zote tatu, kilometa, na neno T-IV, nimebandika ndani ya mlango wa dereva juu ya ile stika ya Kijapani, nitakayemuuzia atazikuta hapo.