Andika kodi ya kosa kwanza, kufuta baadaye

Taa ya injini iliwaka kwenye Toyota Fielder yangu asubuhi moja nikiwa kwenye foleni pale Pangani, Nairobi. Ni ile taa ya manjano yenye umbo la injini, na iliwaka bila kupepesa. Gari lilikuwa linaenda, ila kila niliposimama lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Jioni nikapita kwa fundi Ngara. Akachomeka mashine yake, akasoma kosa, akalifuta, yote ndani ya dakika tano. "Bosi, ni sensa ya oksijeni," yaani kile kipimo cha kwenye bomba la moshi. Nikaenda Kirinyaga Road, nikaacha shilingi 6,500 kwenye duka la spea, sensa ikafungwa, taa ikabaki imezimika. Nikalala usingizi mzito.

Siku ya nne ikawaka tena.

Baadaye ndipo nilipoelewa zile siku nne zilitoka wapi. Makosa mengi ya injini hayawashi taa mara moja: kompyuta ya gari huweka kosa kiporo, ikisubiri ilione tena kwenye safari inayofuata. Kwa hiyo ukifuta, gari lolote litaonekana limepona kwa siku kadhaa. Fundi ameshalipwa, na wewe umeshamsifu kwa majirani.

Nilinunua kifaa changu cha kusomea makosa Luthuli Avenue, kidude kidogo cha ELM327 kinachotuma habari kwenye simu kwa Bluetooth. Mwenye iPhone aulize kwanza kama kinakubali simu yake, maana vingi vya bei ya chini havikubali. Soketi ya gari ya kukichomekea ina matundu 16 na iko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Unachomeka, unawasha swichi bila kupiga stata, unafungua programu na kusoma kodi, yaani alama za makosa ambazo kompyuta ya gari imehifadhi. Hivyo ndivyo mafundi wanavyoziita, na si ile kodi ya nyumba inayotufanya tumkwepe keyateka.

Yangu ilikuwa P0171. P ni injini na gia. B ni bodi, C ni chasisi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Sifuri inayofuata maana yake ni kodi ya jumla, inayosomeka sawa kwa Toyota na kwa Nissan. Na P0171 haisemi "nunua sensa". Inasema mchanganyiko unaoungua kwenye injini una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta habari hiyo. Wahenga walisema mjumbe hauawi; mimi nilimuua, na nikalipia mazishi.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya skrini. Pamoja na kodi, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa kosa liliponaswa: mizunguko ya injini, joto, mwendo. Ukibonyeza kufuta, hayo yote yanaondoka pamoja na kodi. Fundi wangu alifuta ushahidi kabla hata sijauona.

Safari hii niliangalia namba zinazoonyesha kompyuta inaongeza petroli kiasi gani. Gari likinguruma bila kukanyagwa, ilikuwa inaongeza asilimia 24. Nikikanyaga hadi mizunguko 2,500, inashuka hadi 6. Hapo mtu anajua kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo linaonekana kubwa. Ingekuwa kinyume, yaani namba ipande ninapokanyaga, ningeshuku sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya petroli iliyochoka.

Nikafungua boneti, injini ikinguruma, nikapapasa mipira midogo mmoja mmoja. Ule unaotoka kwenye kifuniko cha injini kwenda kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, ulikuwa mzima kwa juu. Nilipoukunja, chini yake ukafunguka ufa kama mdomo wa samaki, na sauti ya kufyonza ikasikika. Nikaufunika kwa kidole gumba. Mtetemo ukaisha papo hapo. Mpira mpya: shilingi 350.

Kufuta kuna kazi yake. Ukipata P0302, silinda ya pili inamisi, yaani petroli yake haiwaki sawasawa. Hamisha koili yake, ile inayoipa plagi umeme, hadi silinda ya tatu, futa, endesha. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, angalia plagi kwanza. Lakini taa ikianza kupepesa, usipime chochote njiani. Petroli isiyoungua inamwagika kwenye katalisti, kile kisafisha moshi, na kuiunguza, na bei yake itakutoa machozi. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha.

Tena, ukienda kununua gari lililotumika, nenda na kidude chako. Kukosekana kwa kodi hakutoshi. Angalia sehemu ya vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe. Vikiwa vingi havijakamilika, kuna mtu amefuta kodi au amechomoa betri hivi karibuni. Muulize muuzaji, halafu mtazame usoni.

Ile sensa ya zamani nilimwomba fundi anirudishie. Nzima kabisa. Iko kwenye kabati la dashibodi, imefungwa kwenye gazeti.