Maswali ya Wasomaji: Amri za Kutoa na Kurejesha Nakala

SWALI: Ndugu Mhariri, natunza hifadhidata ya PostgreSQL ya nyumba kadhaa za wageni hapa Mkomani, Lamu. Nimeandika programu mbili za mstari wa amri: ya kwanza hutoa nakala ya akiba, ya pili huirejesha. Katika ya kwanza, -d hutaja jina la hifadhidata. Katika ya pili, -d hufuta majedwali yaliyopo kabla ya kurejesha. Mwenzangu ananitaka nibadilishe, nami naona mwongozo nilioandika unatosha. Nani kati yetu yu sahihi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Mwenzako yu sahihi, ndugu msomaji, na jambo hili lisisubiri. Anayerejesha data mara nyingi yumo katika dhiki: seva imeharibika, wageni wamesimama mapokezi, na vidole vyake vinaandika kile vilichozoea wakati wa kutoa nakala. Saa hiyo mwongozo hausomwi.

Watunzaji wa PostgreSQL walikutana na tatizo la aina hii. Zamani -d katika pg_dump (programu yao ya kutoa nakala) ilimaanisha kutoa data kwa amri za INSERT, yaani amri za kuingiza data, ilhali katika pg_restore (ya kurejesha) na psql (ya kuandikia amri) ilikuwa jina la hifadhidata. Toleo la 8.4, mwaka 2009, liliiondoa herufi hiyo na kubakisha jina refu, --inserts. Ndipo toleo la 9.3, mwaka 2013, likairudisha katika pg_dump kwa maana ya jina la hifadhidata. Naupenda sana utaratibu huo, kwa sababu katika kipindi cha katikati skripti ya zamani iligoma waziwazi badala ya kufanya jambo jingine kimyakimya. Kazi haijakwisha, kwani hadi leo -T huacha nje jedwali katika pg_dump, lakini huchagua triga (amri inayojiendesha jedwali linapobadilishwa) katika pg_restore.

Basi -h (seva), -p (namba ya mlango wa seva), -U (jina la mtumiaji) na -d (jina la hifadhidata) ziwe na maana ileile katika programu zako zote mbili, kama zilivyo katika PostgreSQL. (Usichanganye na desturi ya MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, ambako -p ni nywila.) Kufuta kusiwe na herufi fupi kabisa: kuitwe --futa-kwanza, ili anayefuta alazimike kukusudia. Vilevile, programu ya kurejesha ikatae kuanza mpaka itajiwe data inakokwenda. Tangu toleo la 12, mwaka 2019, pg_restore inaporejesha hudai ama -d ama -f (jina la faili).

Katika toleo lako lijalo, -d ya kurejesha itoe kosa linalotaja --futa-kwanza na kusimamisha kazi. Ipe maana mpya baadaye tu, skripti zote za zamani zikishasahihishwa.