Uliza Mwalimu: Hivi ni kweli watumwa walimpiga Napoleon?

Shikamoo mwalimu. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja anasema kuna watumwa walimpiga Napoleon, yule mtawala wa Ufaransa, wakaanzisha nchi yao, mi nikamwambia hizo ni stori za mtandaoni. Tumewekeana soda. Nani anunue? (Mbishi, Morogoro)

Marahaba mwanangu, soda unanunua wewe. Nchi yenyewe ni Haiti, kule visiwa vya Karibi. Enzi hizo Wafaransa waliiita Saint-Domingue na ndo ilikuwa koloni yao inayoingiza hela kuliko zote, kama asilimia 40 ya sukari na zaidi ya nusu ya kahawa waliyokuwa wanatumia Ulaya ilitoka pale. Watumwa walikuwa wanakaribia 500,000, wazungu hata 40,000 hawajai vizuri. Sasa ujue muwa ukishakatwa hausubiri, ukilala maji yanachacha, kwahiyo msimu wa kusaga kinu hakizimwi usiku wala mchana, mtu akisinzia mkono unavutwa na magogo ya kinu na pembeni kuna panga limewekwa tayari la kuukata huo mkono asije akaingia mzima mzima. Walikuwa wanakufa kuliko wanavyozaliwa, basi tajiri anaagiza wengine, miaka ile ya mwisho kama 30,000 kila mwaka walikuwa wanashushwa pale.

Watu wengi wanadhani ni hasira tu zililipuka siku moja. Hapana bwana, walijipanga. Waliopanga wengi ni manyapara na waendesha magari ya farasi, yani wale ambao bwana shamba anawaamini na wana ruhusa ya kutembea shamba hadi shamba. Jumapili moja Agosti 1791 wakakutana shamba la Lenormand de Mézy, wajumbe kutoka mashamba kibao ya kaskazini. Kuna wenzao wa Limbé wakashindwa kuvumilia wakachoma moto kabla ya siku, wakakamatwa, wakabanwa wakataja mpango wote, na matajiri hawakuamini! Mtumwa wangu mimi apange vita? Usiku wa tarehe 22 moto ukawaka tambarare nzima ya kaskazini, mashamba mamia yakawa majivu ndani ya wiki chache. Kiongozi wao wa mwanzo Boukman aliuawa Novemba hiyohiyo, kichwa chake kikawekwa hadharani ili watu waogope. Hawakuogopa.

Agosti 1793 kamishna wa Ufaransa, Sonthonax, akatangaza uhuru upande wa kaskazini, sio kwa huruma, Waingereza na Wahispania walikuwa wanaivamia koloni na yeye hana askari, akawahitaji walewale watumwa. Februari 1794 bunge la Paris likaupitisha kwa makoloni yote. Hapo ndo anang'ara Toussaint Louverture, yeye alishaachiwa huru kabla ya vita, akapigania Wahispania kwanza halafu akahamia Ufaransa, mpaka 1801 kisiwa chote kiko mkononi mwake na katiba kaandika.

Napoleon katiba hiyo ikamkera. Mwenyewe hakwenda, alimtuma shemeji yake Leclerc, mume wa dada yake Pauline, na askari 20,000 hivi wa kuanzia, wengine wakafuata. Juni 1802 Toussaint akaitwa kwenye mazungumzo akakamatwa kwa hila, wakampeleka gereza la Fort de Joux kwenye milima ya baridi kule Ufaransa, akafia humo Aprili 1803. Majenerali wake, Dessalines na Christophe wakiwemo, walikuwa wameshajisalimisha wakawa wanamtumikia Leclerc kuwinda wale waliokataa. Na hapa ndo huwa nagombana na watu wanaosema Toussaint, Toussaint, Toussaint. Nani aliendelea kupigana miezi ile? Ni watu wa milimani, wengi wamezaliwa Afrika, hawajui hata Kifaransa, kama huyo Jean-Baptiste Sans Souci ambaye hakuacha kuwasumbua Wafaransa. Habari zilipofika kwamba kule Guadeloupe, kisiwa kingine cha Wafaransa, Napoleon anarudisha utumwa, majenerali nao wakageuka, na Christophe akamwita Sans Souci kwenye kikao akauawa. Baadaye Christophe akajitangaza mfalme, kasri lake akaliita Sans-Souci. Haya, wewe fikiria mwenyewe.

Leclerc akafa kwa homa ya manjano Novemba 1802, na maelfu ya askari wake vilevile. Kwahiyo jamaa yako akileta maringo mwambie mbu nao walichangia, ila ngome za Wafaransa pale Vertières hazikutekwa na mbu, tarehe 18 Novemba 1803 ni watu walipanda kile kilima chini ya mizinga. Tarehe 1 Januari 1804 Dessalines akatangaza uhuru, jina likarudishwa lile la wenyeji wa kale, Haiti, maana yake nchi ya milima.

Mwalimu, hivi kule walikuwepo na watu wa huku kwetu? (Mama Salma, Kilwa Masoko)

Walikuwepo mama, na hapo kwenu pamo kwenye hiyo habari. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi waliishia Morisi na Reunion, visiwa vya Wafaransa humu humu baharini kwetu, ila miaka ya 1780 meli zilizidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Saint-Domingue. Kule daftarini wote waliandikwa "Mozambique" hata kama ni Myao aliyetembezwa kwa miguu kutoka bara. Walikuwa wachache ukilinganisha na Wakongo, lakini ule usiku wa moto walikuwepo mashambani.

Mbona basi Haiti ni maskini hivyo? Kanisani kwetu tumeambiwa waliingia mkataba na shetani. (Nakuru)

Huo mkataba unaosemwa ni kiapo cha Bois Caïman, walikutana porini usiku wakachinja nguruwe wakaapa. Watu wanakula kiapo kabla ya vita dunia nzima, sioni ajabu. Mkataba ulioumiza Haiti mimi naujua na umeandikwa kwa wino. Mwaka 1825 mfalme Charles X alituma meli za vita 14 na karatasi, lipeni faranga milioni 150 kama fidia ya wenye mashamba ndo tuwatambue. Na katika mali iliyopotea walihesabiwa watumwa wenyewe, yani mtu unajilipia bei yako kwa aliyekumiliki! Hela hawana, ikabidi malipo ya kwanza wakope benki za hukohuko Paris, na riba juu. Mwaka 1838 deni likapunguzwa, jumla ikawa milioni 90, kahawa ya mkulima ikakatwa kodi ya kulipia, na mikopo iliyotokana na deni hilo imekuja kuisha 1947. Viongozi wao nao wameharibu mengi, hilo sibishi, ila hesabu anza nayo mwanzo.

Zaidi ya Haiti kuna wengine walioasi Wafaransa wakashinda? (Juma, Muscat)

Juma, wapo, Martinique, kisiwa cha Wafaransa kule kule Karibi, Mei 1848. Paris walikuwa wameshasaini kufuta utumwa tarehe 27 Aprili, ila watu wasubiri miezi miwili tangu tangazo lifike, mavuno ya miwa kwanza. Karibu na Saint-Pierre mtumwa mmoja, Romain, alikamatwa kwa kupiga ngoma wenzake wakikuna muhogo, maana ngoma zilikuwa zimepigwa marufuku. Watu wakaandamana mpaka gerezani, risasi zikapigwa, wengine wakafa, usiku wa tarehe 22 mji ukawaka. Kesho yake gavana akatangaza utumwa umekwisha, hapohapo, bila miezi miwili. Karatasi ya Paris ilikuwa bado iko baharini.